Ulinganisho: nirudi sekondari ya bweni au nichukue kazi kituo cha elimu mbadala, mtoto akiwa bado mchanga?

Mwalimu_Bios (Morogoro)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo ya walimu, ya akina mama waliorudi kazini na mtoto mchanga, na ya yeyote anayeijua mikataba. Nyumbani tumelizungumza hadi tumechoka, na siku za kuamua zinaisha.

Nafundisha Biolojia na Jiografia, mwaka wa nne sasa, katika sekondari binafsi ya bweni hapa Moro. Nimejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza wetu, na likizo yangu ya siku 84 inakwisha mwisho wa mwezi. Mume wangu yuko Dodoma kikazi. Anakuja Ijumaa na treni ya SGR, Jumapili jioni anarudi. Mama yangu alikuja kunitunza, arobaini ilipotimia akarudi Same kwenye shamba lake. Kwa hiyo siku za kazi tupo mimi, mtoto, na dada wa kazi ambaye bado sijampata.

Chaguo la kwanza ni kurudi nilipo. Saa 1 asubuhi niwe paredi, vipindi hadi saa 9 alasiri, kidato cha nne wana masomo ya ziada hadi saa 11 jioni, na mara mbili kwa wiki nasimamia prepo, wanafunzi wanapojisomea usiku, hadi saa 4. Jumamosi nusu siku. Zamu yangu ikifika nalala shuleni. Mkataba ni wa kudumu, mshahara 700,000 kabla ya makato, NSSF inakwenda kila mwezi.

Chaguo la pili ni kituo cha elimu mbadala kinachopokea mabinti walioacha shule, wengi kwa sababu ya ujauzito. Wanasoma sekondari kwa miaka miwili: Hatua ya Kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili, Hatua ya Pili inabeba cha tatu na cha nne. Kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, hakuna usiku, hakuna Jumamosi. Kuna chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi, na mkuu wa kituo amesema naweza kuja na wangu. Mshahara 520,000, mkataba wa mwaka mmoja.

La tatu ni kukaa nyumbani hadi mtoto afikishe mwaka, nifundishe tuisheni, huku nikiomba nafasi za serikali Ajira Portal. Hili mama mkwe analipenda sana.

Niseme na kilichonigusa. Nilipokwenda kuzungumza nao, mkuu wa kituo aliniomba nikae na Hatua ya Kwanza kipindi kimoja, waone ninavyofundisha. Binti mmoja, mtoto amembeba mgongoni kwa kanga, aliuliza kwa nini siku za mwanzo alipokuwa akinyonyesha tumbo lilikuwa linamsokota kama uchungu unarudi. Nikawaeleza habari ya oksitosini, kwamba homoni ileile inayosukuma maziwa yatoke ndiyo inayoukaza mfuko wa uzazi urudi ulivyokuwa na damu ipungue. Darasa zima liliacha kuandika likanitazama. Mwingine nyuma akasema, "Kumbe ulikuwa unajifunga, mimi nilidhani nimelogwa." Homoni hiyo nimeifundisha kila mwaka, na sikuwahi kuona wanafunzi wakiihitaji namna ile.

Nisaidieni kupima.

Mhasibu_Kihonda

Hongera kwa mtoto, mwalimu. Mimi nianze na hesabu, maana watu wengi hulinganisha mishahara kabla ya makato na hapo ndipo wanapopotea. Nachukulia kwamba una mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo na haujaisha.

Shuleni: 700,000. NSSF asilimia 10 ni 70,000, inabaki 630,000 ya kukatwa kodi. PAYE hapo ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, yaani jumla 42,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 105,000. Mkononi unabaki na 483,000.

Kituoni: 520,000. NSSF 52,000, inabaki 468,000. PAYE ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, yaani 15,840. Bodi 78,000. Mkononi 374,160.

Tofauti uliyokuwa ukiiona ni 180,000. Tofauti itakayofika mfukoni mwako ni 108,840. Sasa toa humo dada wa kazi wa kulala, chakula chake, na bajaji za saa 4 usiku baada ya prepo. Sijui mtaani kwako wanalipwa ngapi, lakini hapa Kihonda huwezi kumpata mtu mzima anayejua kulea mtoto wa miezi miwili kwa chini ya laki moja. Kwa mwaka huu wa kwanza, hela ya chaguo la kwanza na la pili ni kama sawa.

Ila usisahau upande wa pili wa karatasi. Akiba yako NSSF, pamoja na mchango wa mwajiri, itashuka kutoka 140,000 hadi 104,000 kwa mwezi, na deni la Bodi litachukua muda mrefu zaidi kuisha. Hizo hazionekani mwisho wa mwezi, zinaonekana baadaye.

MamaMapacha (Mbeya)

Mwenzangu, hongera na pole na ulezi. Nitatetea kurudi shuleni kwako, kwa sababu watu wanakimbia kazi kabla ya kudai haki iliyomo ndani ya kazi hiyohiyo.

Mimi nilijifungua mapacha nikiwa shule ya bweni pia, nikapata siku 100 badala ya 84, maana sheria inatoa hizo kwa aliyezaa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Niliporudi nikapangiwa prepo kama kawaida. Nilikwenda ofisini nikaambiwa walimu ni wachache, nivumilie. Sikugombana. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikataja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwamba mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto, nikapendekeza mwenyewe ratiba: niondoke saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na tena saa 8 hadi 9. Nikaambatanisha cheti cha daktari kuhusu usiku. Wiki iliyofuata ratiba ilibadilishwa, na mwalimu mwenzangu wa Kemia akachukua usiku wangu, mimi nikachukua vipindi vyake vya Jumamosi.

Maziwa nilikamua. Kwa joto letu usiyaache nje kwa muda unaozidi saa 4 tangu ukamue. Kwenye friji yenye baridi ya kutosha yanakaa hadi siku 4. Mnyweshe kwa kikombe kidogo chenye mdomo mpana, chupa inasumbua kusafisha na kuharisha kunaanzia hapo. Chombo andika saa uliyokamua kwa kipande cha plasta. Umeme ukikatika usiku kucha, usibahatishe, mwaga.

Una mkataba wa kudumu. Wenzetu wanautafuta kwa miaka. Usiuachie kabla hujawauliza kwa maandishi.

Ticha_Iringa

Nimesoma mara mbili kwa sababu nimefanya kazi hiyo hasa unayoiita chaguo la pili, ndani ya chuo cha maendeleo ya wananchi. Kwa wasiovijua, vyuo hivi vilianza 1975, Mwalimu Nyerere akiwa amevutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na vya serikali viko 54 nchini. Mpango wa Elimu Haina Mwisho wa Karibu Tanzania Organization ndio ulioingiza humo sekondari ya miaka miwili kwa mabinti walioacha shule, na vituo vya kulelea watoto wao palepale chuoni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina vituo vyake mikoani.

Sasa dada yangu, saa 9 alasiri unatoka, ni kweli. Lakini usiende ukidhani kazi ni nyepesi. Vidato viwili kwa mwaka mmoja maana yake ni kwamba mada unayoifundisha kwa wiki tatu kule, hapa una wiki moja na nusu. Na darasa haliko kamili hata siku moja. Mtoto wa mwanafunzi akipata homa, mwanafunzi haji. Siku ya kliniki haji. Msimu wa kuvuna mpunga nyumbani kwao wanamtaka shambani. Atarudi Jumatano akukute umeshamaliza usanisinuru, na ukimwacha hapo ataacha shule mara ya pili, na mara ya pili huwa hawarudi. Kwa hiyo unafundisha mada moja mara tatu, kwa vikundi, wakati wa mapumziko, chini ya mwembe.

Lugha ni mzigo mwingine. Wengi waliacha kidato cha pili, miaka minne au mitano imepita, na mtihani wa Biolojia ni wa Kiingereza. Mimi nilikuwa naeleza kwa Kiswahili hadi waelewe kabisa, halafu tunajenga sentensi ya kujibia mtihani, moja moja, wanaisoma kwa sauti. Maabara hakukuwa na kitu zaidi ya chupa ya iodini. Tulikata muhogo mbichi, kipande cha yai lililochemshwa na tango, tukadondoshea iodini, muhogo ukageuka bluu nyeusi. Halafu tukazungumza uji wa mtoto: kwamba uji wa muhogo mtupu ni wanga mtupu, mtoto anataka na protini. Somo la virutubisho walifaulu wote waliokuwepo, kwa sababu jioni walikwenda kulifanyia kazi jikoni.

Nisiwe mrefu, ila hili lazima niseme. Mwaka 2017 nilikuwa shule ya kata, wakati katazo la kuwarudisha shuleni waliojifungua lilipotiliwa mkazo. Nimeona mabinti wakiondoka getini na godoro kichwani, mmoja wao alikuwa wa kwanza darasani kwangu kwenye Hisabati. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri Ndalichako alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoka, tayari kulikuwa na kundi kubwa lililopita umri wa kukaa dawati moja na watoto wa miaka 14. Hao ndio watakaokuwa wanafunzi wako. Wanahitaji mwalimu mwenye digrii na uzoefu wa kidato cha nne, hawahitaji mabaki. Kama moyo wako uko huko, tunakuhitaji.

Ila pesa. Vituo vingi vinaendeshwa kwa miradi. Mahali nilipokuwa, mshahara wa mwezi mmoja uliwahi kuja baada ya mwezi uliofuata kwisha, kwa sababu fedha za awamu mpya zilichelewa. Uliza mshahara wako unatoka kwenye chungu gani, na chungu hicho kinaisha lini.

Sheria_Kazini

Naongezea upande wangu, nitajaribu kutotumia lugha ya mahakamani.

Mwalimu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, angalia haya. Ukiwa na mwajiri mpya unaanza sifuri. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo zenye malipo zilizomo kwenye sheria, na pia hana ile kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Kule uliko kinga hiyo unayo, na kumwachisha mtu kwa sababu ya ujauzito au uzazi ni kosa moja kwa moja. Ukihama, miezi sita ya kwanza unatembea bila mwavuli huo, na mtoto akiwa na miezi mitatu hadi tisa, muda ambao ndio atakuwa na homa za hapa na pale.

Mkataba wa mwaka mmoja unakwisha wenyewe siku ikifika. Mwajiri hahitaji sababu ya kutokuongeza, labda kama alikupa matarajio ya msingi kwamba ataongeza. Kwa hiyo maneno "unaweza kuongezwa" yasiishie mdomoni. Yaandikwe: kwa vigezo gani, na utajulishwa lini.

Kingine, na hiki ndicho kikubwa: uliza kama ni mshahara au ni posho ya mwezeshaji. Vituo vingi huwaita walimu wawezeshaji na kuwalipa posho, bila NSSF na bila Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kama ni posho, hesabu nzuri ya Mhasibu hapo juu haina maana tena, hata kama mkononi utaona fedha nyingi zaidi. Fao la uzazi la NSSF linataka uwe umechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya wiki ya kujifungua. Sasa hivi unastahili. Kama hujadai, nenda na cheti cha kliniki. Ukikaa kwenye posho miaka miwili au mitatu halafu ukapata mtoto wa pili, unaweza kukuta sifa hiyo imekatika. Na ukiacha kazi kwa hiari yako, fao la kukosa ajira halikuhusu.

Kuhusu usiku: sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mama haruhusiwi kupangiwa kazi hiyo kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Baada ya hapo inahitajika karatasi ya daktari inayoonyesha kwamba bado hafai kufanya kazi usiku. MamaMapacha alifanya sawasawa kabisa. Na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Jumlisha pia saa zako za wiki na masomo ya ziada: ukomo wa kawaida ni saa 45, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kwa ratiba uliyoiandika, nina hakika umezidi.

Mlezi_wa_Watoto (Dodoma)

Mimi niko kwenye ustawi wa jamii. Wote mmezungumza mshahara na mkataba, mtoto mwenyewe hamjamfikia.

Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kusajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Vingi vimejengwa kwa watoto wa miaka miwili kwenda juu. Wako hana hata miezi mitatu. Mtoto wa umri huo hakai kwenye mkeka na wa miaka miwili wanaokimbia. Anahitaji kona yake na mikono yake.

Nenda bila kutoa taarifa, siku ya kazi, kama saa 4 asubuhi, wakati vipindi vimechanganya. Usiangalie rangi za ukutani. Hesabu walezi na hesabu watoto wachanga walio chini ya mwaka. Angalia mlezi anapombadilisha mtoto nepi, ananawa kwa sabuni kabla hajamshika mwingine? Maji yanatoka bombani au ni ndoo moja ya kutwa nzima? Mtoto aliyelala amelazwa chali, na mahali pasipo na nguo nzito juu ya uso? Anayelia anachukuliwa baada ya muda gani? Sikiliza pia kama walezi wanazungumza na watoto, au watoto wamekaa kimya wote. Watoto wachanga wengi waliokaa kimya mahali pamoja kwa muda mrefu hiyo si dalili njema.

Faida kubwa ya kituo hicho ni kwamba wewe uko hatua chache tu kutoka alipo. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, na kunyonyesha mwenyewe kila baada ya vipindi viwili ni bora kuliko friji yoyote. Lakini uyaone kwa macho yako kwanza.

Bahari_Mombasa

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Hongera kwa kujaaliwa mtoto. Huku kwetu sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu yenye mshahara kamili, na sheria ya afya ya 2017 imemtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Mimi nafundisha shule za mtaani zile zinazoitwa APBET, na chumba hicho sijakiona hata siku moja. Haki iko, chumba hakipo. Kwa hiyo ukipata mahali ambapo chumba kipo kwanza, hata kama karatasi zake zina upungufu, mimi ningehangaika kuzirekebisha karatasi. Karatasi hurekebishika kwa siku moja, chumba hakijengwi kwa siku moja.

BabaWawili

Dada, samahani kama naingilia ya ndani. Umemtaja mama, mama mkwe na dada wa kazi, ila shemeji umesema tu anakuja Ijumaa. Mimi nilikuwa Dodoma na familia iko Moro, mtoto wa pili alipozaliwa niliomba kuhamia ofisi ya Moro, ikachukua miezi minane lakini ikawezekana. Na kabla ya hapo nilikuwa naondoka Jumatatu alfajiri badala ya Jumapili jioni, usiku ule mmoja mke wangu alilala. Kaeni nalo kama la wote wawili.

Mwalimu_Bios (Morogoro)

Asanteni mno, wote. Nimechapisha majibu yenu na kuyasoma na mume wangu. BabaWawili, hujaingilia. Ameanza kuondoka Jumatatu alfajiri, na barua ya kuomba uhamisho ameiandika jana mbele yangu.

Nilifuata ushauri wa Mlezi. Nilikwenda kituoni Jumanne bila kuaga. Walezi ni wawili, watoto 13, wachanga chini ya mwaka ni wanne. Mlezi mmoja ni mama wa makamo, mkono mmoja anampapasa aliyelala, mwingine amemshika anayecheua, na anamwimbia huyohuyo kila anapomgeuza. Maji yapo, tangi jipya. Ila sabuni ilikuwa kipande kidogo kilichokauka kwenye kizibo, na hakuna kona ya wachanga. Wanalala pembeni ya mlango ambako wakubwa wanapita. Nilimwambia mkuu wa kituo waziwazi. Hakuchukia. Alisema hawajawahi kuwa na mzazi mwalimu, wanafunzi wao wanaona aibu kusema. Hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu watoto wale wengine wanne nao wana mama zao.

Mkataba: Sheria_Kazini, ulichohofia ndicho kilichokuwemo. Kifungu cha malipo kiliandikwa "posho ya mwezeshaji". NSSF hamna. Nimerudisha rasimu nikaomba mambo matatu: iwe mshahara wenye NSSF, mkataba uwe wa miaka miwili ili niwapeleke Hatua ya Kwanza hadi Hatua ya Pili, na zile saa mbili za kunyonyesha ziandikwe.

MamaMapacha, na shuleni nilipeleka barua kama uliyoieleza. Nimejibiwa kwa heshima: prepo wataniondolea kwa miezi mitatu, Jumamosi inabaki, na kulala zamu kutarudi muhula ujao.

MamaMapacha (Mbeya)

Miezi mitatu ni kidogo, mtoto atakuwa hajafika hata nusu mwaka. Lakini umeipata kwa maandishi, na hiyo ina thamani. Mimi bado nasema ukae hapo mwaka, halafu uhame ukiwa na nguvu. Binadamu anayelala saa tatu kwa usiku asifanye mabadiliko mawili makubwa mwaka mmoja.

Ticha_Iringa

Naheshimu, mama, ila mimi sikubaliani. Unamwambia akae mahali ambapo baada ya miezi mitatu atakuwa akilala bwenini na watoto wa watu huku wa kwake yuko na mgeni. Kuchoka atachoka kote kuwili. Swali ni nani atakuwa na mtoto wakati amechoka.

Mwalimu, wakikupa miaka miwili na NSSF, nenda. Wakikataa NSSF, baki ulipo na utafute kituo kingine. Usikubali hadithi ya "tutaiweka baadaye", niliisikia nami nikaondoka bila senti ya akiba kwa muda wote ule.

Mhasibu_Kihonda

Naungana na Ticha kwa sharti hilohilo. Na weka akiba ya mshahara wa mwezi mmoja pembeni kabla ya kuhama, kwa ajili ya hilo la fedha za mradi kuchelewa. Kama hauna, chelewesha kuhama hadi uwe nayo.

La tatu, la tuisheni, mimi nililiacha makusudi. Tuisheni ya Biolojia Moro inalipa Septemba hadi Novemba, wakati wa mitihani. Miezi mingine utakuwa unasubiri wazazi walipe.

Mwalimu_Bios (Morogoro)

Majibu yamekuja leo mchana. Mshahara wenye NSSF wamekubali, ila kwa 500,000 badala ya 520,000, kwa sababu mchango wa mwajiri haukuwa kwenye bajeti yao. Saa mbili za kunyonyesha zimeandikwa. Miaka miwili wameshindwa, fedha zao zimethibitishwa kwa miezi 18 tu, na barua ya mfadhili wamenionyesha. Nimewaomba basi mkataba uwe wa miezi 18, wamekubali. Kona ya wachanga wanaitenga wiki hii. Mume wangu atakuja Ijumaa na fundi wa kuweka kizuizi cha mbao, na sisi akina mama wanaonyonyesha tumekubaliana zamu ya kununua sabuni.

Nimewapigia mahesabu ya Mhasibu upya kwa laki tano, mkononi inabaki 361,000. Tumekaa na mume, tumeona tunaweza, kwa sababu dada wa kulala hatutamhitaji.

Nakwenda. Notisi ya siku 28 naipeleka shuleni Jumatatu, na nitarudi nifundishe siku hizo zote ili kidato cha nne wasiachwe katikati ya mada ya urithi. Akiba ya mwezi mmoja tunayo, ilikuwa ya kumalizia dirisha la sebuleni, dirisha litasubiri.

Ombi langu la mwisho: mwenye maandalizi ya Biolojia ya Hatua ya Kwanza yaliyokwisha kufupishwa kwa mwaka mmoja, hasa mada za uainishaji wa viumbe na usafirishaji ndani ya mwili, tafadhali anitumie. Ticha, kama bado unazo zile sentensi za kujibia mtihani mlizokuwa mnazijenga darasani, nitashukuru sana.

Ticha_Iringa

Ninazo, daftari tatu. Nazipiga picha usiku huu. Anza na ya usafirishaji, ya uainishaji mwandiko wangu ni mbaya, nitaiandika upya kwanza.